Nimerudishwa Bweni

Kuna kijana pale kituo cha Mwenge sitamsamehe hata aje na wazee wake kuomba radhi. Hukaa chini ya mwavuli uliovunjika mbavu mbili, mbele yake mzani mdogo wa kukanyaga na kipande cha boksi kilichoandikwa "Pima uzito 200". Siku hiyo gari langu lilikuwa gereji, nasubiri daladala, mfukoni nina sarafu ya mia mbili inayonipigia kelele. Nikasema ngoja niitue. Nikapanda. Mtu mwenye utu angeninong'oneza, au angeniandikia namba kwenye kikaratasi nikaisomee mbele ya safari. Yeye aliinama, akasoma, akainuka, akakitangazia kituo kizima kwa sauti ya konda: "Bosi, tisini na sita! Vua viatu nikupunguzie nusu!"

Watu wakageuka. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya dagaa akanikagua kuanzia kisogoni mpaka visiginoni, akasema, "Mashaallah."

Nakiri mbele yenu: nilifurahi.

Msinilaumu, lugha ndiyo iliyonilea hivyo. Kwetu mtu akinenepa hatumwambii amenenepa. Tunasema amependeza, amenawiri, ana siha, maisha yamemkubali. Akipungua kidogo tu, kamusi nzima inamwangukia: amekonda, amekongoroka, amesinyaa, amepukutika, amekauka kama ng'onda. Tena Kiswahili chenyewe hakijui kukaa na njaa. Kiongozi anakula kiapo, mwizi anakula kona, wabaya wanakula njama, mwenye bahati anakula raha, asiye nayo anakula hasara, na bibi yangu alipofika miaka tisini tukasema amekula chumvi nyingi. Hata uzee tunautafuna. Neno la heshima tulilonalo la kujizuia chakula ni kufunga, na mfungo una futari kila jioni na sikukuu mwishoni. Hii dayati ya siku hizi haina futari, haina idi, na hakuna jirani anayekuletea sinia la pilau kukupongeza.

Zilizoniharibia ni ngazi. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, na lifti ilipogoma nilifika juu nahema kama jogoo aliyekoswa na kisu. Habari zikamfikia mke wangu kabla sijakaa kwenye kiti. Sijui nani alizipeleka. Ofisini kwetu kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kazi nyingine kabisa. Kesho yake nikajikuta mbele ya daktari.

Alikuwa binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Alinisalimia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikajua nimeshamshinda. Kumbe ile shikamoo ilikuwa ganzi kabla ya sindano. Presha ilikuwa 150 kwa 95. Utepe aliouzungusha kiunoni ulikomea sentimita 108. Kwa mwanamume, akasema, 102 tayari ni hatari kubwa, na usalama ni kutovuka 94. Kisha akachukua kilo zangu 96, akazigawa kwa urefu wangu wa mita 1.70, akagawa tena kwa urefu uleule kana kwamba mara ya kwanza haikuniuma, akapata 33. Ukivuka 25, uzito umezidi. Ukifika 30, jina linabadilika.

"Baba," akasema kwa upole, "hiki kinaitwa kiribatumbo."

Kiriba, kwa vijana wasiojua, ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Nimefanya kazi miaka 24, nimesomesha watoto watatu, nina kiwanja chenye hati, halafu mtoto wa jana ananiita mfuko.

Sikupewa dawa. Nilichorewa sahani. Alipiga duara nyuma ya karatasi ya vipimo akaligawa. "Robo wanga, robo protini, nusu mboga. Tukutane baada ya miezi mitatu. Presha isiposhuka, ndipo tutaongea habari za vidonge."

Hapo moyo wangu ulirudi mahali pake. Wanga niliujua. Protini nilidhani ni zile poda za kopo wanazokunywa vijana wa jimu. Lakini mboga! Nyumbani ukiuliza "leo mboga gani?" utajibiwa nyama, samaki, kuku, maharage, chochote kinachoteremsha ugali. Nusu sahani mboga kwa amri ya daktari! Nilipitia buchani nikachukua kilo mbili za nyama yenye mafuta, nikaingia nyumbani nimeinua karatasi juu kama mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja. Mke wangu akaisoma, akanitazama, akaitazama ile nyama.

"Baba Zawadi, ni mboga za majani."

Jioni ile sahani ikafika mezani imefunikwa. Nikaifunua. Ugali wa dona, ukubwa wa ngumi. Maharage. Matembele yaliyolala nusu nzima ya sahani, bila nazi, bila haya. Nikakaa kimya, nikijiuliza ni wapi nilishawahi kuiona sura hii. Halafu nikakumbuka, nywele zikanisimama.

Mwaka 1991 niliripoti kidato cha kwanza kwenye shule ya bweni, mkoa sitautaja, nikiwa na sanduku la bati, godoro na jembe. Kwa miaka minne nilikula sahani hii. Dona na maharage mchana, dona na maharage usiku, mara mojamoja matembele tuliyoyachuma wenyewe baada ya kazi za mikono. Mchuzi wa maharage ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ukiuinamia unajiona sura. Uji wa asubuhi haukuwa umewahi kutambulishwa kwa sukari. Usiku taa zikizimwa tulilala tunasimuliana wali, na mwenye kipaji alikuwa anasimulia mpaka nyama. Niliapa juu ya kitanda cha deka kwamba nikipata kazi, dona sitaigusa tena hadi naingia kaburini.

Kiapo nilikitimiza. Mshahara wa kwanza ulinunua sembe nyeupe kama shuka ya hospitali. Wa pili ulinunua mchele. Cheo cha kwanza kilileta nyama kila siku, cha pili kikaleta soda mezani, na mkopo wa benki ukaleta gari ili miguu nayo ijue kwamba tumefanikiwa. Hiki kitambi mnachokiona si mafuta, jamani. Ni wasifu wangu wa kazi. Na sasa, nikiwa na miaka 49, baada ya vyeti vyote hivyo, nimerudishwa bweni. Tofauti ni kwamba zamani ada alilipa marehemu baba.

Mke wangu, aliyejiteua mwalimu wa zamu, alinieleza habari za dona kwa furaha nisiyoielewa. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa. Wanatoa ganda na kiini, na humo ndimo zilimokuwa nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini. Dona inasagwa na vyote, kwa hiyo inakaa tumboni muda mrefu na njaa inachelewa kurudi. Yaani miaka yote hii nimekuwa nikilipa mashine initolee afya, nikala kilichobaki, na pumba nikampa jirani alishie kuku. Nimewachunguza wale kuku. Hakuna hata mmoja mwenye kiribatumbo.

Mafuta nayo yakawekewa sheria. Zamani samaki wangu alikuwa anaogelea mara mbili, baharini na kwenye karai. Sasa mafuta yanapimwa kwa kijiko, kwa sababu gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga ina 4, na kijiko kimoja cha chakula kinabeba kama 120. Nilisema haba na haba hujaza kibaba, kijiko kimoja kina nini? Mke wangu akanijibu kibaba chenyewe ndicho kimekaa hapo kwenye kochi.

Lakini kesi iliyoniumbua ni ya sukari. Nilipewa daftari niandike kila kinachoingia mdomoni kwa wiki moja. Nikaandika kwa uaminifu, maana mtu hawezi kujua aibu inakotokea. Chai vikombe vitano nyumbani: viwili asubuhi, viwili jioni, kimoja cha kulalia. Kila kikombe vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 15. Soda moja ya mchana kazini, chupa ya mililita 350, ina sukari kama vijiko 9. Jumla 24. Kijiko kimoja ni gramu 4, kwa hiyo nilikuwa nakula gramu 96 za sukari kwa siku, namba ileile ya kilo zangu, kana kwamba zimeandikishwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke kama vijiko 12, na ikiwezekana ashuke hadi 6. Mimi kufika saa mbili asubuhi sita vyangu nimeshavimaliza.

Mke wangu akachukua kalamu akaendelea na hesabu ambayo sikuiomba. Vijiko 15 vya nyumbani ni gramu 60. Mara siku 30 ni gramu 1,800, kilo mbili kasoro kidogo. Akanyanyua macho taratibu. Mwezi wa tatu mwaka huu niliitisha kikao cha familia kwa ajili ya mpwa wangu Sele, anayekaa kwetu akisoma chuo. Nilisimama pale sebuleni nikasema, kwa maneno yangu haya haya, "Kilo mbili za sukari haziishi zenyewe!" Nikanunua kufuli la kabati. Ufunguo nikakaa nao mimi.

Mjomba haombi radhi kwa mpwa, dunia itaharibika. Nilimnunulia soksi.

Mchovya asali hachovyi mara moja, na kuacha nako haachi mara moja. Nilishuka vijiko vitatu, viwili, kimoja, kila hatua wiki mbili na manung'uniko yake. Ajabu ni kwamba ulimi unasahau. Mwezi wa pili nilipewa chai kwenye msiba, ile ya kawaida yetu, nikadhani nimepewa dawa ya kikohozi. Soda ikageuka maji na chungwa. Chungwa la kula, siyo la kukamua. Ukilikamua unakunywa sukari ya machungwa manne na nyuzinyuzi zote unamwachia kichujio.

Nilidhani adui ni chakula. Chakula hakina neno, kinakaa sahanini kinasubiri. Adui ni watu.

Mama Rehema amenipakulia wali jirani na ofisini kwetu kwa miaka tisa. Siku niliyomwambia, "Nipunguzie wali, niongezee mchicha na maharage," upawa ulibaki hewani.

"Baba Zawadi, jana kulikuwa na mchanga?"

"Hapana, mama, ni daktari tu."

"Daktari anapika?" Akanikatia wali nusu, akaujaza mchicha kwa hasira, akanyoosha mkono. "Elfu mbili na mia tano."

"Si wali ni nusu?"

"Wali mimi ninao, uliokataa ni wewe."

Hilo nawaachia wachumi. Nusu sahani haina nusu bei popote mjini, isipokuwa umeipunguza nyumbani kwako mwenyewe.

Kisha ikaja harusi ya binti wa mkuu wetu wa idara. Nilichangia laki moja, kadi ya mtu mmoja, na mtu aliyechangia laki moja kwa kawaida huenda ukumbini na hesabu yake kichwani. Foleni ya chakula ilikuwa inanukia pilau, ndizi nyama na ndafu iliyosimama mezani na majani mdomoni. Hata mbuzi alikuwa anakula mboga za majani. Nikajikaza. Pilau vijiko vitatu, kipande cha kuku nikakitoa ngozi, na kachumbari mlima. Mzee niliyekaa naye meza moja aliitazama sahani yangu kwa huruma.

"Ndugu, ulichangia?"

"Laki moja."

Akahesabu kwa macho. "Basi hicho kitunguu ni cha elfu sitini."

Sikulala usiku ule, na si kwa sababu ya njaa.

Hata hivyo harusi ni mchezo ukilinganisha na mama mkwe. Tulikwenda Pangani siku tatu, nikiwa nimeshapungua kilo sita. Nikapiga shikamoo, akaitikia nusu, akaingia ndani moja kwa moja na binti yake. Ukuta wa ile nyumba ni mwembamba. "Mume umemfanya nini? Hela zinakwenda wapi? Mtu nilikupa amejaa, unamrudisha mifupa!" Mke wangu, yule mwalimu wa zamu mwenye kalamu na hesabu, alikuwa anajibu kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili. Nilikaa barazani nikafarijika kwa mara ya kwanza tangu sahani ichorwe.

Mezani vikaja wali wa nazi, samaki wa kupaka na mkate wa kumimina, na mama mkwe akakaa mkabala nami kama msimamizi wa mtihani. "Kula, baba." Sasa ninyi mnaojua kushauri, nifundisheni jinsi ya kumwambia mama mkwe neno kalori. Nilikula. Nilipoona chini ya sahani, sahani ikajaa tena. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Angalau sasa una uso." Mzani wa Dar es Salaam ukasoma kilo moja na nusu zaidi. Mke wangu aliandika kwenye daftari: "Pangani."

Na lipo jingine ambalo daftarini halimo. Kwetu sasa chakula cha jioni ni saa kumi na mbili na nusu, kwa hoja kwamba mtu asile mlo mzito na kulala nao. Haya. Lakini ikifika saa tatu usiku, kijana wa chipsi pale kona anamimina mayai juu ya chipsi, na harufu ile haipiti barabarani kama harufu nyingine. Inapanda ngazi, inabisha hodi, inakutaja jina. Alhamisi moja nikasema naenda kununua vocha. Nikasimama nyuma ya banda, gizani, na zege la mayai mawili na kachumbari yenye pilipili. Nilikuwa nimefika katikati niliposikia, "Shikamoo, mjomba."

Sele. Amevaa soksi zangu.

Tulitazamana. Akaitazama sahani, akatazama juu kwenye taa ya sebule yetu, akapumua taratibu kama mtu mwenye busara. "Mimi sijaona kitu, mjomba. Ila bando langu limeisha." Tangu siku hiyo mtoto yule anaishi kwenye intaneti kama balozi. Zege lile la elfu tatu na mia tano limeshanigharimu elfu arobaini, na hiyo, kwa uzoefu wangu, ndiyo dayati yenye nguvu kuliko zote: kila nikisikia harufu ya chipsi, pochi ndiyo inayokosa hamu.

Basi miezi sita ikapita. Sikufanya la ajabu. Ugali wangu wa Kilimanjaro umekuwa kichuguu, lakini ninao. Nyama nakula, ila haikai tena nusu ya sahani ikijiita mboga. Nimekula dagaa, bamia, kisamvu, kunde, choroko, vitu vyote ambavyo nilivipita sokoni kwa miaka kama mtu anayemkwepa mdai wake. Suruali zikaanza kuniuliza mkanda. Ofisini wakaanza kuninong'ona. Mmoja akanishika bega akaniambia kwa sauti ya msibani kwamba siku hizi dawa zipo na watu wanaishi miaka mingi tu. Nilimshukuru. Ungefanyaje?

Wiki iliyopita nilipita Mwenge makusudi. Yule kijana yupo, mwavuli sasa umebaki mbavu tatu. Nikavua viatu bila kuambiwa, nikapanda, nikasubiri tangazo. Siku hii nilitaka konda asikie, mama wa dagaa asikie, daladala zisimame. Kijana akainama, akasoma, akainuka. Akanisogelea sikioni.

"Themanini na sita," akanong'ona. "Pole sana, mzee." Nilipompa mia mbili akairudisha kiganjani mwangu, akaifunga kwa vidole vyangu. "Kaongezee hela ya dawa."

Nikaenda kwa daktari na hasira zangu. Akapima, akaandika, akatabasamu. Presha imeshuka na vidonge sikuvihitaji. Kiuno 100. Hesabu ya kilo na urefu inasoma 29 na nukta zake, maana yake nimehitimu kiribatumbo, sasa niko darasa la uzito uliozidi tu. Kwa kuwa nilikuwa na furaha, nikamweleza yote: dona, maharage, matembele, chakula cha jioni saa kumi na mbili na nusu, mwalimu wa zamu na daftari lake. Nikamwambia, "Daktari, wewe umenirudisha bweni."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza huko bweni siku ilikuwa inaanzaje. Nami, kwa ujinga wangu, nikamjibu: filimbi saa kumi na moja na nusu alfajiri, mchakamchaka kuzunguka shule, ndipo uji.

Akavaa miwani, akageuza karatasi, akaanza kuandika.

"Hapo tu ndipo palipokuwa pamebaki, baba."

Raba nimenunua jana Kariakoo. Filimbi, nimeambiwa, anayo Sele.